Mgonjwa wa akili akipata nafuu, mrudishieni jembe lake

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha, nalo ni kazi kama sehemu ya matibabu ya ndugu zetu wenye maradhi ya akili.

Mara kwa mara tunahimizwa kuwapeleka wagonjwa hawa hospitali badala ya kuwafunga kamba nyumbani. Wito huo ni mzuri, nami nauunga mkono. Hata hivyo, wito wenyewe huishia kwenye lango la hospitali. Hautuelezi mgonjwa atafanya nini siku atakapotoka, akiwa na karatasi ya dawa mkononi na kijiji kizima kikimtazama kwa wasiwasi. Kwa maoni yangu hapo ndipo wengi wanapopotea, wakarudi wodini mara ya pili na ya tatu, na sisi tukasema kwamba ugonjwa wa akili hauna dawa.

Wapo wataalamu waliosomea jambo hili. Katika utumishi wa serikali wanaitwa watoa tiba kwa vitendo, na hufundishwa KCMC, Moshi. Wananchi wengi wakilisikia jina hilo hudhani kwamba hao ni watu wa kuwashughulisha wagonjwa ili wasiwasumbue wauguzi. Sivyo hata kidogo. Fundi huyu kwanza anamuuliza mgonjwa na jamaa zake: kabla hujaugua ulikuwa unaamka saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, nani alikuwa anakutegemea? Kisha humpa jambo dogo la kutenda, tuseme kupika chai, akamwangalia. Je, anakumbuka kuwasha moto kabla ya kuinjika sufuria? Anaweza kukaa na kazi moja kwa dakika kumi? Mkono unatetemeka? Akijua pale mgonjwa anapokwama, huigawa kazi vipande vipande, akaanza na kile anachokiweza, na kila wiki akaongeza kidogo. Leo kuosha vikombe, wiki ijayo kupika chai ya watu wawili, baadaye kwenda sokoni na fedha, kununua sukari na kurudi na chenji kamili. Mtu mzima atacheka akisikia hivyo, lakini aliyeuguza mgonjwa wa akili anajua kwamba safari hiyo ya sokoni ni mlima.

Msomaji anaweza kuuliza, ikiwa dawa zipo, haya yote ya nini? Jibu ni kwamba dawa ina mpaka wake. Chukua ugonjwa ambao madaktari huuita skizofrenia. Dawa husaidia sana kutuliza sauti ambazo mgonjwa anazisikia peke yake, na hofu ya kwamba watu wanamfuatafuata. Lakini ugonjwa huo pia humnyang'anya mtu hamu ya kufanya jambo lolote, ukampunguzia uwezo wa kupanga shughuli zake na ukamtenga na wenzake. Sehemu hiyo vidonge na sindano huigusa kidogo tu. Vivyo hivyo kwa mwenye sonona, yaani huzuni kubwa isiyoondoka. Yeye husubiri apate hamu ndipo ainuke, na hamu haiji. Wataalamu humfundisha kuanza na kitendo kidogo hata kama moyo haupendi, kwa kuwa mara nyingi hamu hufuata nyuma ya kitendo.

Napenda nitoe mfano mmoja wa hapa kwetu. Binamu yangu ni seremala. Alipougua alilazwa miezi minne, akatibiwa, akarudi nyumbani ametulia. Wazee wa ukoo wakakaa kikao, na kwa mapenzi mema wakaamua msumeno, patasi na randa vifichwe. Wakasema asichoshwe, apewe chakula, apumzike. Binamu yangu akakaa chini ya mwembe asubuhi hadi jioni. Watoto walipita wakimtazama. Mwezi wa tatu akakataa kwenda zahanati kuchomwa sindano, na alipoulizwa sababu akasema, "Nitibiwe niwe mzima wa kukaa chini ya mti?" Haikupita muda akarudi wodini.

Safari ile ya pili alimkuta muuguzi mmoja aliyekuwa amejifunza mambo haya. Yule mama alimpa kipande cha msasa na kigoda kibovu, nusu saa kila asubuhi. Ni yeye aliyegundua kwamba mikono ya binamu yangu inatetemeka kwa sababu ya dawa, akamwarifu daktari, na dawa ikarekebishwa. Siku ya kuruhusiwa, pamoja na cheti cha dawa, alimwandikia baba yake karatasi ya mistari mitano: aamke saa kumi na mbili, anywe dawa baada ya chai, afanye kazi saa mbili mpaka apate nguvu, afanye pamoja na fundi mwingine kwa mwezi wa kwanza, na vifaa vyake arudishiwe kimoja kimoja. Leo anatengeneza vigoda na meza. Sisemi kwamba amepona moja kwa moja, maana bado zipo siku mbaya. Lakini siku hizo sasa anazitambua mwenyewe, naye huenda zahanati kwa miguu yake bila kusukumwa, kwa sababu lipo jambo analotaka kulirudia.

Jambo hili si geni nchini mwetu. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walifungua makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani mwaka 1896, na mwaka 1904 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hospitali hiyo ipo hadi leo chini ya Kanisa la Kilutheri, na kazi za shambani na za mikono zimekuwa sehemu ya maisha ya wagonjwa wake. Kule Nigeria, mwaka 1954, Dakta Thomas Adeoye Lambo alianzisha mpango wa Aro, Abeokuta, ambapo wagonjwa walipangishwa katika nyumba za wanakijiji pamoja na jamaa zao, wakatibiwa hospitalini mchana na kushiriki maisha ya kijiji. Nasi Tanzania, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, tulianzisha vijiji vya kilimo kwa ajili ya kuwarudisha wagonjwa katika maisha ya kawaida. Shabaha ilikuwa mtu atoke wodini, akae kijijini akilima pamoja na wenzake chini ya uangalizi wa wauguzi, ndipo arudi kwao. Lilikuwa wazo letu wenyewe na lilikuwa zuri. Kwa bahati mbaya, fedha na watumishi vilipopungua, vingi vya vijiji hivyo vilidhoofu. Taifa lililopata Uhuru likiwa na wito wa Uhuru na Kazi halikupaswa kuwaacha wagonjwa wake nje ya wito huo.

Hata hivyo, Ndugu Mhariri, lazima tuseme ukweli wote. Ipo hatari katika jambo hili. Zamani, hospitali za wagonjwa wa akili huko Ulaya na Marekani ziliendeshwa kwa jasho la wagonjwa wenyewe. Walifua, walipika na walilima miaka nenda miaka rudi bila malipo, na mwenye bidii ndiye aliyecheleweshwa kuruhusiwa, maana alikuwa na faida. Huko Marekani mwaka 1973 mahakama iliamua, katika kesi iliyomhusu Waziri wa Kazi, kwamba wagonjwa wanaofanya kazi za kuendesha hospitali nao wanalindwa na sheria ya ujira. Mtu asije akaisoma barua yangu akadhani nashauri wagonjwa wageuzwe vibarua wa bure. Kumpa mgonjwa jembe si tiba kwa sababu tu ametoka jasho.

Basi tutatofautishaje tiba na unyonyaji? Mimi naona yapo maswali matatu ambayo hata mwananchi wa kawaida anaweza kuyauliza. La kwanza, je, kazi hiyo imechaguliwa kwa kuangalia mahitaji ya mgonjwa, au mahitaji ya shamba la mwenye kituo? Aliyekuwa mshonaji hana sababu ya kupelekwa kukata nyasi kila siku. La pili, je, kazi inamsogeza kuelekea nyumbani, ikiongezeka na kubadilika kadiri anavyopata nafuu, au mwaka wa tano yupo pale pale na ndoo ile ile? La tatu, kile kinachouzwa kinamfaidia nani? Kikapu kikiuzwa, aliyekisuka ajue bei yake na apate haki yake. Kituo kisichoweza kuyajibu maswali haya mbele ya jamaa za wagonjwa kinastahili kukaguliwa.

Baada ya kueleza hayo, napenda kutoa mapendekezo.

Kwanza, Wizara ya Afya na halmashauri zihakikishe kwamba watoa tiba kwa vitendo wanaajiriwa katika hospitali za mikoa na wilaya, si katika hospitali kubwa peke yake. Mgonjwa wa Kilosa au wa Kibondo anarudi Kilosa au Kibondo, na huko ndiko anakohitaji mtu wa kumfuata mpaka uani kwake. Pale ambapo mtaalamu hajapatikana, wauguzi wa afya ya akili wapewe mafunzo ya kuanzia.

Pili, kila mgonjwa anayeruhusiwa apewe karatasi mbili, moja ya dawa na nyingine ya shughuli zake za siku, iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi na kusomwa mbele ya jamaa zake. Karatasi ya namna ile ya mistari mitano haihitaji msaada wa wafadhili. Inahitaji kalamu na nusu saa ya muuguzi.

Tatu, watu hawa wasisahauliwe katika haki ambazo tayari zimewekwa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inautazama ulemavu kwa upana, ikiwamo hali inayotokana na akili, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Vilevile halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tunapotaja ulemavu, fikra zetu hukimbilia fimbo nyeupe na baiskeli ya magurudumu matatu. Mtu ambaye ulemavu wake hauonekani kwa macho huachwa nje. Maofisa wa maendeleo ya jamii wawatafute waliopata nafuu, wawasaidie kuunda vikundi pamoja na jamaa zao na kuwaongoza katika kuomba fedha hizo.

Nne, na hili linatuhusu sisi wananchi moja kwa moja. Ndugu yako akirudi kutoka hospitali, usimfanye mgeni wa kudumu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo walivyosema wahenga, na hawakumtoa mgonjwa aliyepata nafuu. Kama muuguzi ameshauri vifaa vyenye makali visubiri, na visubiri, lakini ufagio, ndoo na mbuzi wa kuchunga havisubiri. Mama aliyekuwa anapika, apike, hata kama siku ya kwanza chumvi itazidi. Mwalimu wa madrasa au mwanakwaya apewe tena nafasi yake. Na mafundi wenye karakana wakubali kumpokea mmoja kwa miezi michache, amwekee fundi mbao huku akijikusanya. Pia tuache kumwita mtu chizi mbele ya watoto wake, kwa maana hakuna kazi itakayomponya mtu ambaye kila akipita anazomewa.

Wapo watakaosema kwamba nchi ina mahitaji mengi na fedha ni chache, kwa hiyo wagonjwa wa akili wangoje. Nawaomba wapige hesabu. Mtu akirudi wodini mara nne, serikali inamlisha na kumtibu mara nne, jamaa wanauza mbuzi kwa ajili ya nauli mara nne, na shamba lake linabaki pori miaka yote hiyo. Kumfundisha na kumfuatilia nyumbani mpaka asimame ni gharama ndogo kuliko hiyo. Na hata kama hesabu isingekuwa hivyo, bado mtu ni mtu, naye ana haki ya kuamka asubuhi akijua kwamba lipo jambo ambalo lisipofanywa na yeye halitafanyika.

Ni matumaini yangu kwamba wahusika wataisoma barua hii, na kwamba wasomaji wenzangu wenye uzoefu wa kuuguza watachangia ili tusaidiane mawazo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

MSOMAJI WA SIKU NYINGI,
Kilosa, Morogoro.