Makuli wa London na Vibarua wa Ruiri



Katika mkutano wa tawi letu hapa Ruiri ililetwa hoja ambayo haikupigiwa kura, kwa sababu giza liliingia na watu wa mbali walitaka kuondoka. Hoja yenyewe ni hii: kwamba kadi za chama wasipewe vibarua wanaovuka kutoka upande wa Isiolo kuja kupalilia na kuchuma wakati wa msimu, na kwamba chama kimwombe mwajiri awaandike wenyeji peke yao. Ndugu aliyeleta hoja ni mtu wa siku nyingi katika chama, hajakosa kulipa ada hata mwezi mmoja, na hatumwiti mtu mbaya. Alisema kazi ni chache, mshahara umesimama pale pale, na hawa wanaokuja hukubali chochote wanachopewa. Kisha aliongeza neno lililopigiwa makofi sana. Alisema, "Hata Waingereza wenyewe wamefunga mlango. Walipiga kura wakatoka Ulaya ili kazi ziwe zao. Sisi ni nani hata tuwashinde kwa ukarimu?"

Kwa kuwa hoja itarudi katika mkutano ujao, sisi wa kamati tumeona yatupasa kuijibu kwa maandishi, na hasa hilo neno la Waingereza, maana wengi walilishika wakaondoka nalo.

Waingereza waliingia katika Jumuiya ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973. Mwaka 1975 waliulizwa kwa kura kama wanataka kubaki, na watu 67 katika kila mia walisema tubaki. Waliulizwa tena tarehe 23 Juni 2016, na safari hii 52 katika mia walisema tutoke. Wakatoka tarehe 31 Januari 2020. Kati ya kura ya kwanza na ya pili ilipita miaka 41, na muda wote huo kulikuwa na maneno yaliyokaa kama moto chini ya majivu, kwamba mgeni ndiye anayekula sehemu ya mfanya kazi mwenyeji. Aliyeyasema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Bwana Enoch Powell, mbunge wa Wolverhampton. Na sababu moja iliyompa nafasi ya kuyasema ilitoka hapa kwetu Kenya.

Wazee wanakumbuka. Tulipopata Uhuru mwaka 1963, Wahindi waliokaa hapa walipewa miaka miwili wachague uraia. Wengi walibaki na pasipoti za Kiingereza. Mwaka 1967 Serikali yetu ilipitisha sheria ya uhamiaji na sheria ya leseni za biashara, na asiye raia akatakiwa kuwa na kibali cha kazi, wala hakuruhusiwa tena kufungua duka popote apendapo. Hatusemi kwamba sheria hizo hazikuwa na chanzo. Mwafrika alikuwa amezuiwa miaka mingi asiingie katika biashara na ukarani, na mshahara ulipimwa kwa rangi ya ngozi. Lakini sheria haikumgusa tajiri mwenye maghala tu. Ilimgusa na fundi cherehani, na karani wa reli, na seremala aliyekuwa na msumeno wake na mtoto mmoja wa kumsaidia. Wengi wa hao walipanda ndege mwanzoni mwa 1968 wakaenda London, kwa kuwa pasipoti yao ilisema wao ni watu wa huko.

Huko nako hawakutakiwa. Waziri wa Mambo ya Ndani, Bwana James Callaghan, alipeleka mswada Bungeni ukapita kwa siku tatu, ukawa sheria tarehe 1 Machi 1968. Mwenye pasipoti ya Kiingereza aliyeishi Nairobi alizuiwa asiingie Uingereza bila kibali, ila kama alikuwa na asili ya karibu huko, kama vile mzazi au babu aliyezaliwa Uingereza. Na kumbukeni kwamba Bwana Callaghan alikuwa wa chama cha Labour, ambacho vyama vya wafanya kazi vilishiriki kukianzisha kwa fedha zao.

Wiki saba baadaye, tarehe 20 Aprili, Bwana Powell alihutubia Birmingham, akatisha watu kwamba wageni watawaletea maangamizi. Kiongozi wa chama chake, Bwana Heath, alimwondoa kesho yake katika baraza la viongozi. Tarehe 23 Aprili makuli wa bandari ya London, kiasi cha elfu moja, waliacha kazi wakaandamana mpaka Bungeni. Hawakuandamana kudai mshahara. Waliandamana kumtetea Bwana Powell.

Hapo ndipo tunapowaomba ndugu zetu watulie wasome polepole. Makuli hao walikuwa watu wa namna gani? Walikuwa watu kama sisi. Mpaka Septemba 1967 wengi wao walikuwa vibarua kwa kila hali. Walisimama asubuhi mahali pa kuitwa, msimamizi akawatazama, akamchagua huyu akamwacha yule, na aliyeachwa alirudi baadaye kujaribu tena. Sisi tunaosimama kwenye lango la shamba saa kumi na mbili tunaijua hali hiyo bila kusimuliwa. Kwa kupigana miaka mingi walikuwa wamepata kuandikwa kazi ya kudumu, na hawakuwa wamemaliza hata mwaka mmoja nayo walipoandamana.

Na wakati huo huo kazi yao ilikuwa ikiondoka. Yalikuwa yanakuja makontena, yale masanduku makubwa ya chuma, ambayo winchi moja na watu wachache hushusha mzigo uliokuwa ukihitaji makundi ya watu kwa siku nyingi. Gati za East India zilifungwa mwaka 1967. Gati za St Katharine zilifungwa mwaka 1968, mwaka ule ule wa maandamano. Gati za London zikafungwa 1969, za Surrey 1970, na zile kubwa zilizoitwa Royal zikafungwa 1981. Mwaka 1989 Serikali ya Bi Thatcher ikafuta na mpango uliomlinda kuli asirudi kuwa kibarua. Katika habari hizo zote, ni Mhindi gani wa kutoka Nairobi aliyefunga gati? Fundi cherehani wetu alikuwa amekaa katika chumba cha kupanga akitafuta kazi ya kushona. Aliyeagiza makontena alikuwa mwenye meli, na mwenye meli hakuandamana na mtu.

Bwana Powell mwenyewe aliamini kwamba soko liachiwe lipange mambo yake. Hakuwa na mpango wowote wa kumwekea kuli gati lake. Alimpa mtu wa kumchukia, basi.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo tunayoipenda. Mwaka 1976 palikuwa na kiwanda cha kusafisha picha huko London kiitwacho Grunwick. Wafanya kazi wengi walikuwa wanawake wa Kihindi waliotoka Afrika ya Mashariki. Walilazimishwa kufanya kazi ya ziada wakati wowote, na malipo yalikuwa ya chini. Mwezi wa Agosti mama mmoja, Bi Jayaben Desai, aliyehamia Uingereza kutoka Tanzania, alikataa, akatoka nje, na wenzake wakamfuata. Walitaka kitu kimoja kwanza, nacho ni haki ya kuwa katika chama. Walisimama langoni karibu miaka miwili, jua na theluji. Watu wa posta walikataa kubeba barua za kiwanda hicho. Wachimba makaa walikuja kutoka Yorkshire. Na mwezi wa Julai 1977, katika umati wa maelfu uliokuja kuwasaidia, ilionekana bendera ya wawakilishi wa makuli wa gati za Royal. Makuli wale wale wa London, miaka tisa tu baada ya kuandamana na Powell! Mgomo ulishindwa mwaka 1978, hatutaki kuwadanganya. Mwajiri alikataa katakata na sheria ilimsaidia. Lakini kuli aliyekwenda pale alikuwa amejua ni lango gani la kusimama.

Sasa turudi kwenye kura ya 2016. Si haki kusema kila aliyepiga kura ya kutoka alikuwa na chuki. Miji mingi ilikuwa imefungiwa migodi na viwanda, na watu hawakusikilizwa. Vyama vikubwa vya wafanya kazi vilisema tubaki, lakini chama cha wafanya kazi wa reli, cha madereva wa treni na cha waoka mikate vilisema tutoke, navyo vilikuwa na sababu za kiwandani. Mwaka 2007 mahakama ya Ulaya ilihukumu shauri la kampuni ya Latvia iliyojenga shule nchini Sweden kwa mishahara ya Latvia. Chama cha Sweden kilizuia kazi ile kikitaka walipwe mshahara wa Sweden, na mahakama ikasema chama kimekosa. Tunaona wazi kwamba hukumu hiyo ilikuwa mbaya. Lakini angalieni ubaya wake uko wapi. Mjenzi wa Latvia hakukosa kwa kuja. Kosa ni sheria iliyomruhusu mwajiri amlipe pungufu ya jirani yake. Jambo hilo halikupewa nafasi kubwa katika kampeni. Siku chache kabla ya kura ilitundikwa picha ya msururu mrefu wa wakimbizi, na watu wakaambiwa waitazame hiyo.

Na je, mlango ulifungwa? Walipotoka Ulaya, mashamba ya Uingereza yalikosa wachumaji. Serikali yao ikawaita watu kutoka Nepal, Indonesia, Uzbekistan na Kyrgyzstan kwa vibali vya msimu, miezi sita basi urudi kwenu. Mromania wa zamani akichoshwa na mkulima mmoja aliweza kwenda kazi yoyote nyingine. Huyu wa sasa kibali chake ni cha kazi ya msimu tu, na mara nyingi amekopa nauli. Mwajiri ana mgeni kama zamani, ila huyu anaogopa zaidi. Anayeogopa hukubali chochote, na mwenyeji aliye karibu naye hawezi tena kudai zaidi.

Wapo waliotuambia hapa Meru kwamba Uingereza ikitoka Ulaya itafungua tena soko la miraa. Miraa ilipigwa marufuku huko tarehe 24 Juni 2014, kinyume na shauri la wataalamu wao wenyewe, na sababu moja iliyotolewa ilikuwa kwamba majirani wa Ulaya wamekwisha kuikataza na Uingereza itageuka kuwa ghala la magendo. Wametoka Ulaya, na marufuku hawakuiacha mlangoni. Kuhusu mboga na maua, Kenya ilitia sahihi mkataba na Uingereza tarehe 8 Desemba 2020, na mwingine na Ulaya Desemba 2023. Mikataba miwili kwa maharagwe yale yale. Mchumaji na aulizwe kama mkono wake ulipata hata senti moja kwa sababu ya wino ule.

Na tusijifanye kwamba sisi tumekuwa upande wa kufunga mlango tu. Mwaka 1970 Serikali ya Uganda iliwaondoa vibarua Wakenya wapatao 30,000, watu wa reli, wa mashamba, wa majumbani, kwa maneno yale yale tuliyomwambia Mhindi. Mwaka 1977 Jumuiya yetu ya Afrika ya Mashariki ilivunjika kwa ugomvi wa wakubwa. Mali ilikuja kugawanywa kwa mkataba wa 1984, lakini wazee waliofanya kazi katika reli na posta waliendelea kudai haki zao miaka mingi baadaye, na wengine walikufa wakidai. Watu wa Meru na Embu wanajua zaidi, maana wakati wa Hali ya Hatari wazazi wetu walibebeshwa pasi kwa kabila lao, na aliyeonekana bila pasi alikamatwa kazini. Kadi ya chama isiwe pasi ya namna hiyo.

Tukija kwenye lango letu, nani anashusha mshahara hapa Ruiri? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja asihesabiwe kibarua tena. Ndiyo sababu mtu huandikwa wiki tatu, akaambiwa apumzike, akaandikwa tena kama mpya. Anayefanyiwa hivyo ni mtu wa Isiolo na ni mtu wa Ruiri. Yule wa Isiolo hukubali chochote kwa sababu hana kadi, hana wakili, na nauli ya kurudi hana. Tukimnyima kadi, mwajiri atacheka, na msimu ujao atawaandika hao hao bila sisi. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama. Hatujui tawi litamweleza nini msajili likiulizwa.

Kwa hiyo kamati italeta hoja yake badala ya ile. Kwanza, kila anayechuma apewe kadi kwa ada moja, na wa msimu alipe kwa mwezi. Pili, bei ya kilo iwe moja kwa wote na ibandikwe langoni. Tatu, kila mwanachama aandike siku zake za kazi katika daftari, tarehe kwa tarehe, na wawakilishi wazikusanye mwisho wa mwezi ili tuwe na ushahidi wa kifungu cha 37. Ndugu aliyeleta hoja ya kwanza atapewa nafasi ya kusema kabla yetu, na asikatizwe.

Mkutano utaanza saa nane badala ya saa kumi, ili giza lisitukute tena. Wanaotoka mbali wafike mapema, na wale wa upande wa Isiolo pia wamealikwa, kwa sababu habari ni yao.