Benki Iliyo Jirani na Ngome

Mgeni akishuka Mombasa na kuulizia mambo ya kale, huonyeshwa Ngome ya Yesu. Ni haki yake, maana Wareno waliianza mwaka 1593 na tangu hapo imegombewa sana. Lakini mimi nikitoka langoni hupenda kushika Barabara ya Nkrumah hadi Treasury Square, mwendo wa dakika chache, nikatazame nyumba za fedha. Habari za mizinga tumezisoma vya kutosha.

Benki ya kwanza ya nchi hii ilifungua mlango hapa Mombasa, Julai 1896. Ilikuwa National Bank of India. Mwaka huo huo reli ilianza kutandazwa, na vibarua kutoka Bara Hindi wakilipwa rupia. Msomaji asidhani kwamba kabla ya hapo Wapwani hawakujua fedha. Reale zilizunguka zamani sana, na matajiri wa Kihindi walikopesha misafara ya bara kwa kuandikiana hati. Neno letu hundi limetoka kwao. Benki ililikuta soko tayari.

Jambo jipya lilikuwa sura ya nyumba. Katika Mji wa Kale, mgeni huketi barazani, kahawa ikaja, bei ikazungumzwa. Mali imo ndani, nyuma ya mlango wa nakshi na kuta za matumbawe na chokaa. Majengo ya Treasury Square yametazama bustani, kwa veranda na matao, ili yaonekane kutoka mbali. Mswahili alificha utajiri wake, mkoloni aliutangaza. (Tajiri Allidina Visram naye amesimamishiwa sanamu hapo bustanini.)

Mwaka 1970 Serikali ilinunua asilimia 60 ya benki ile, ikawa Kenya Commercial Bank. Foleni za mwisho wa mwezi ziliendelea.

Sasa wasiwasi wangu. Ngome ilikuwa jela hadi 1958, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1962. Mahakama ya zamani iliyo jirani yake, ya 1902, nayo imeingia mikononi mwa Makumbusho. Kazi ya kwanza ilikwisha, ikapatikana ya pili. Nyumba ya benki hulindwa na kazi yake: paa likivuja linazibwa upesi, kwa kuwa fedha zimo ndani. Lakini tangu M-Pesa ije mwaka 2007, fedha zimehamia mfukoni. Siku kaunta zikifungwa, nani atanunua chokaa? Sheria ya urithi ya 2006 inaruhusu jengo kutangazwa kumbukumbu ya taifa, ila tangazo haliwezi kuziba ufa.

Ningeomba wenye benki na Makumbusho wakae kitako mapema, wakubaliane chumba kimoja cha kuonyesha reale, rupia, na zile sarafu za 1888 zilizopigwa jina la Mombasa. Wanafunzi wanaoletwa Ngome kwa mabasi wanaweza kufika huko kwa miguu.