Usajili: Tunatabiri au Tunapiga Ramli?

Kila mwaka ligi ikiisha tu, kurasa za michezo zinageuka kilinge cha mganga. Fulani atua Msimbazi. Fulani amalizana na Jangwani. Fulani aonekana uwanja wa ndege, mabosi wahaha usiku kucha. Kesho yake yule yule aliyetua Msimbazi anatua Jangwani, na hakuna anayeuliza jana ilikuwaje. Dirisha likifungwa tunafungua ukurasa mpya, kana kwamba hatukuwahi kuandika kitu.

Mimi ni mwandishi wa habari, ugali wangu unatoka kwenye kazi hii hii, kwa hiyo najua nitakachosema kitaniletea maneno. Lakini huu ni uwanja wangu mwenyewe, hakuna mhariri wa kukata, basi acha niseme. Hizi tunazoziita tetesi za usajili siyo utabiri. Utabiri ni kazi. Hizi ni ramli. Na gharama ya ramli hii hailipwi na Simba wala Yanga. Inalipwa huku kwetu, Njombe na Makambako.

Subiri, usirushe jiwe. Nieleze taratibu.

Wamarekani wana kitu wanakiita drafti. Siyo ile ya kijiweni ya vizibo vya soda, hapana. Ni siku ya kugawana wachezaji wapya. Kwenye ligi yao ya NFL, ule mpira wa kofia ngumu na kukumbatiana, kila mwezi wa Aprili timu 32 zinachagua vijana waliotoka vyuoni, kwa raundi 7. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita ndiyo inayoanza kuchagua. Bingwa anachagua mwisho. Wazo lilitoka kwa Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia Eagles, ambayo wakati huo ilikuwa kibonde wa kila mtu. Drafti ya kwanza ilifanyika 1936, mwaka ule ule ambao klabu tunayoiita leo Simba ilizaliwa Dar es Salaam.

Sasa kwa Wamarekani, kubashiri drafti ni shughuli ya miezi. Mwandishi wa timu moja anakaa na maswali matatu. La kwanza, timu yangu ina pengo wapi? La pili, zamu yake ya kuchagua ni ya ngapi? La tatu, zamu hiyo ikifika, nani atakuwa bado hajachukuliwa? Majibu hayatoki hewani. Mechi za vyuo zina takwimu zake. Kabla ya drafti kuna zoezi la wazi mjini Indianapolis, kijana anapimwa urefu, uzito, kasi ya yadi 40, na mara ngapi ananyanyua chuma cha zaidi ya kilo 100. Mtu yeyote anaweza kusoma namba hizo, hata mimi niliyekaa hapa Makambako nikisubiri basi la Songea. Mwandishi anaweka orodha yake hadharani, ina jina lake, na siku ya drafti kila mtu anaona amepata mangapi na amekosa mangapi.

Na wanakosa sana, tena makosa ya aibu! Tom Brady alichaguliwa wa 199 mwaka 2000, akaja kutwaa ubingwa mara 7. JaMarcus Russell alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2007 na Oakland Raiders, na misimu 3 baadaye safari yake kwenye ligi ilikuwa imekwisha.

Tusiende mbali, tuna mfano wa nyumbani. Tarehe 25 Juni 2009, kwenye drafti ya mpira wa kikapu ya NBA, mtoto wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, aliitwa wa pili. Mbele yake alikuwa Blake Griffin tu. Nyuma yake alikuja James Harden, wa tatu. Wa saba alikuwa kijana mmoja mwembamba anaitwa Stephen Curry. Nchi nzima tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Waliomweka Hasheem juu walikuwa na sababu zao: urefu wa sentimita 221, misimu 3 chuo cha Connecticut, na mwaka ule alikuwa mmoja wa wachezaji wawili waliogawana tuzo ya mchezaji bora wa kanda yao. Mambo hayakwenda. Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimshusha ligi ya chini kwenda kujinoa.

Lakini angalia kitu kimoja. Leo hii, miaka yote hii imepita, ukiifungua orodha ile unaona nani alichagua nini na kwa sababu gani. Unaweza kuwacheka Memphis, unaweza kuwatetea. Kosa lina mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti yangu na ramli. Utabiri unaoweza kukosea hadharani una heshima. Ramli haikosei kamwe, kwa sababu mganga akishindwa anasema mteja hakufuata masharti. Na sisi mchezaji asipotua tunaandika "dili lakwama dakika za mwisho". Masharti hayakufuatwa!

Chukua suala la Clatous Chama. Kwa muda gani alivalishwa jezi ya Yanga magazetini akiwa bado anavaa ya Simba? Julai 2024 akahama kweli, na watu wakajipiga vifua: tulisema! Ndugu yangu, ukimtabiria mtu safari kila mwaka, siku atakayosafiri lazima utajiita nabii.

Sasa turudi nyumbani, mwaka 2017.

Msimu wa 2017/18 timu 3 zilipanda Ligi Kuu: Singida United, Lipuli ya Iringa na Njombe Mji. Kwa mara ya kwanza mkoa huu, uliozaliwa rasmi 2012 kutoka Iringa, ukawa na timu kwenye ligi kubwa. Uwanja wa Saba Saba, kwenye baridi ile unayoijua, ukapokea timu ambazo tulikuwa tunazisikia redioni.

Nani alikuwa habari ya dirisha lile? Emmanuel Okwi anarudi Simba. Haruna Niyonzima anatoka Yanga kwenda Simba. Ibrahim Ajibu anatoka Simba kwenda Yanga. Aishi Manula, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni na John Bocco, wote wanne wanatoka Azam kwenda Msimbazi. Sikatai, ilikuwa habari. Lakini hebu tumia yale maswali matatu ya Wamarekani. Simba ilikuwa na pengo wapi? Haikuwa imeonja ubingwa tangu 2012. Uwezo wake? Fedha zilikuwa zimeanza kuonekana. Nani anapatikana? Azam ilikuwa imeanza kubana matumizi. Jibu lilikuwa mezani, halikuhitaji chanzo chetu cha kuaminika ndani ya klabu.

Yale maswali ilibidi yaulizwe pia kuhusu Njombe Mji. Timu imepanda, ina pengo wapi? Ina mshambuliaji wa kufunga mabao ya kuibakiza kwenye mechi 30? Ina fedha ya nani? Kuna kijana gani Ligi Daraja la Kwanza, au kwenye mashindano ya shule ya UMISSETA, anayeweza kuja Njombe na kucheza kesho? Huo ndio ubashiri ambao ungemsaidia mtu: kiongozi wa timu, mfanyabiashara wa mbao wa hapa Makambako anayetaka kuchangia, hata mchezaji mwenyewe aliyekaa kijijini Ludewa akidhani hakuna anayemuona. Tulikuwa tumeshughulika na uwanja wa ndege.

Matokeo tunayajua. Septemba 2017 Yanga walikuja Saba Saba wakashinda 1-0. Mfungaji? Ajibu. Aprili 2018 Simba walikuja wakashinda 2-0. Mfungaji? Bocco, yote mawili. Wale wale wa kurasa za mbele walipanda milima kuja kumaliza kazi. Simba ikachukua ubingwa. Msimu ule zilishuka timu 2 tu, kwa sababu ligi ilikuwa inapanuliwa kufikia timu 20. Mbili tu! Njombe Mji na Majimaji ya Songea, timu za barabara moja hii hii inayoanzia hapa Makambako.

Kwa Wamarekani, timu iliyovuta mkia inapewa nafasi ya kwanza kuchagua. Kwetu inapewa basi la kurudia. Wala siyo Njombe peke yake. Singida United walikuja na kocha Hans van der Pluijm na wachezaji wa nje, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho 2018. Lipuli wakafika fainali hiyo hiyo 2019. Mwaka 2020 wote wawili wakashuka. Ndani ya misimu 3, zile timu 3 zilizopanda pamoja zikawa zimeondoka zote. Mwandishi anayejiita mtabiri wa usajili alipaswa kuuliza mapema nani anazilipa timu hizi na mikataba yao inaisha lini.

Mkoa wetu unajua maana ya kuishi kwa tetesi. Liganga kuna chuma, Mchuchuma kuna makaa ya mawe, hilo halina ubishi, mawe hayo yamepimwa. Mkataba na Wachina ulisainiwa 2011. Tukaambiwa mwaka kesho. Tukaambiwa mwaka kesho kutwa. Mwaka 2021, miaka 10 baada ya saini, hakukuwa na tanuru lililowashwa. Mtu wa Ludewa hahitaji kufundishwa tofauti ya mpango wenye tarehe na maneno matamu. Akisoma "dili limekamilika kwa asilimia 90" anacheka tu.

Najua utaniambia nini. Utasema wasomaji wanataka Simba na Yanga, gazeti lisilo na Simba na Yanga linafungiwa maandazi. Kweli. Lakini msomaji huyo huyo unayemwona mjinga anabeti. Anakaa na mkeka wake, anaangalia nani ana kadi, nani majeruhi, nani anacheza ugenini. Mkeka ukichanika anajua umechanikia mechi gani. Yeye ana nidhamu ya utabiri kuliko mwandishi anayemuuzia karatasi. Hajakataa takwimu, hajapewa.

Utasema pia sisi hatuna drafti, wala hatuwezi kuwa nayo, mchezaji wa soka ana uhuru wa kuchagua klabu. Sawa kabisa, na mimi sitaki kijana wa Njombe agawiwe kama mbolea ya ruzuku. Sidai drafti. Nadai ule uwazi unaofanya drafti ibashirike. Mwisho wa 2022 Feisal Salum alipotangaza kuachana na Yanga, nchi nzima ilibishana miezi kuhusu mkataba ambao wengi wetu hatukuwahi kuusoma. Kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Juni 2023 akaenda Azam. Katikati hapo tulijaza kurasa kwa vyanzo. Kama tarehe ya mwisho ya kila mkataba ingekuwa imebandikwa hadharani, nusu ya vyanzo hivyo vingekosa kazi. Na nadhani ndiyo maana hawaitaki. Wakala anayetaka dau lipande anahitaji gazeti la kumwandikia kwamba klabu tatu zinamgombania mteja wake. Sisi ndio dalali wake wa bure.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. TFF watoe hadharani tarehe za mwanzo na mwisho wa mikataba ya wachezaji wa Ligi Kuu, mishahara ibaki siri yao. Magazeti, kila dirisha likifungwa, yachapishe orodha ya tetesi zake yenyewe: tuliandika hili, likawa hili, kwa majina ya waandishi. Na kabla dirisha halijafunguliwa, mwandishi apelekwe kwenye viwanja vya mikoani kuona nani anacheza. Ditram Nchimbi alipowafunga Yanga mabao matatu Oktoba 2019 akiwa Polisi Tanzania, mechi ikaisha 3-3, na mwezi huo huo akaifunga Sudan kule Omdurman, hakuna aliyehitaji chanzo kujua Yanga watamfuata. Dirisha la Desemba wakamfuata. Swali ni kwa nini mpaka awafunge Yanga ndipo tumuone. Alikuwa anacheza wapi kabla ya hapo, na sisi tulikuwa wapi?

Timu nyingine itapanda kutoka ukanda huu, leo au miaka mitano ijayo. Siku hiyo nataka kusoma gazeti linaloniambia inahitaji beki wa kushoto, kwamba yupo mmoja mkataba wake unaisha Juni, na kwamba fedha za kumlipa hazipo. Likikosea, likosee kwa jina. Nitalinunua na kesho yake.

Naomba kutoa hoja.