Msingi wa Tano Si Mgeni Kwetu

Wapo wenzetu, na baadhi yao wameshika chaki, wanaodai kwamba kuhesabu kwa msingi usio wa kumi ni mchezo wa Wazungu, ulioingizwa shuleni na vitabu vya hisabati vilivyoanza kuandikwa Entebbe mwaka 1962, nao haumfai mtoto wa mkulima wa pamba. Kauli hiyo tunaikataa. Ni kasumba iliyovaa joho la uzalendo.

Sisi tulio Mwanhuzi, wilayani Meatu, tunasikia kila siku Kisukuma na Kiswahili vikihesabu bega kwa bega. Msukuma husema itandatu, mpungati, inane, kenda. Mswahili alipokea sita, saba na tisa kutoka kwa Waarabu, lakini ndugu yake mpungati hakufa: yumo katika fungate, zile siku saba za maharusi. Na hiyo nane asili yake ni nini kama si nne na nne? Huko kusini, Wamakua hawana jina la pekee la sita. Husema tano na moja. Saba ni tano na mbili. Mkono mmoja ukijaa, huanzwa wa pili.

Tazameni pia fedha. Rupia ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ilikuwa na pesa 64 hadi mwaka 1904, ndipo watawala walipoigawa katika heller 100. Pesa 64 hugawika nusu kwa nusu mara sita, hadi ibaki pesa moja nzima. Mia hukwama mara ya tatu tu, kwenye 25. Na kete za bao ni ngapi? Ni 64, katika mashimo 32, safu nne za manane. Kwa msingi wa nane, 64 huandikwa 100. Wazee wetu barazani hawakungoja kitabu.

Kosa, basi, liko katika ufundishaji. Mwanafunzi huamriwa: gawanya kwa tano, andika baki, gawanya tena. Hupata alama zake, akasahau. Haambiwi kinachobadilika na kisichobadilika, na hapo ndipo penye utamu wote.

Katika msingi wa kumi, tarakimu ya mwisho hutoboa siri ya shufwa na witiri. Katika msingi wa tano, tarakimu hiyo ni shahidi wa uongo. Saba huandikwa 12: yaishia kwa 2, na bado ni witiri. Nane huandikwa 13, nayo ni shufwa. Jumlisha tarakimu zote ndipo utajua: 1 na 2 ni 3, witiri, 1 na 3 ni 4, shufwa. Sababu ni kwamba 5, 25, 125 na wenzao wote ni witiri, hivyo kila fungu huacha moja lisilo na mwenzake.

Tena andika 111. Kwa msingi wa kumi ni 3 mara 37. Kwa msingi wa tano, alama zile zile ni thelathini na moja, namba tasa. Lakini mbuzi thelathini na mmoja, uwaandike utakavyo, hawapangiki katika safu mbili zilizo sawa, wala tatu, wala tano.

Mwanafunzi aulize darasani kwa nini 12 ni witiri. Mwalimu atakayeshindwa kumjibu asiwasingizie Wazungu.