Jenereta ya mama wa Daudi

Mama mmoja wa Daudi, huko Mbulu, ameniletea swali linalowagusa wengi wanaoishi mbali na nguzo za umeme. Amejenga nyumba ndogo shambani. Wanawe wawili wanachanga fedha za kumnunulia jenereta ya petroli, na hawaelewani. Mkubwa anataka ya kilowati 5 ili mama asipungukiwe. Mdogo anasema ile ya kilowati 1, inayobebeka kwa mkono mmoja, yatosha. Mama anachelea ugomvi, na anajua kuwa petroli ya kila siku itatoka mfukoni mwake.

Mama yangu, nimeipitia orodha ya vyombo vyako. Taa 6 za wati 9 ni wati 54. Televisheni na king'amuzi chake tukadirie 100, simu za wajukuu 40, friji ndogo 150. Jumla haifiki 350. Hata friji ikivuta zaidi inapoanza, mpaka hapo mwanao mdogo ameshinda.

Lakini mwisho kabisa umetaja pampu ya kisima, ya nusu nguvu ya farasi. Hiyo ndiyo itakayoamua. Ikishazunguka huvuta kama wati 600. Inapoanza huvuta mara tatu ya hapo, pengine zaidi, kwa muda mfupi sana. Ni kama mkokoteni uliokwama matopeni: kuunasua kwataka ng'ombe wengi kuliko kuukokota. Basi 1,800 za pampu na 350 za nyumba ni wati 2,150. Jenereta isiyofikia kiwango hicho si lazima izime. Umeme wake hushuka, mota ikaunguruma bila kuzunguka, na nyaya zake zikapata moto hadi kuungua. Nimeshuhudia friji mpya ya jamaa yangu ikifa hivyo, huku jenereta ikiendelea kuvuma uani kana kwamba hakuna lililotokea.

Kuna jambo jingine ambalo dukani ni nadra kutajwa. Daudi iko nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini, kama mtu apandaye mlima, hupungukiwa pumzi. Mafundi hukadiria kuwa hupotea takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300. Kwako wewe tuseme sehemu moja katika tano imekwenda. Ili upate wati 2,150 nyumbani, yakupasa ununue mashine ya karibu wati 2,700.

Wala usikimbilie ile ya kilowati 5. Injini kubwa hunywa petroli hata ikizunguka bure, na kuiwashia taa sita ni kuinjika sufuria ya harusi kwa kikombe kimoja cha chai. Kama ningekuwa mimi, ningezima kila kitu kwanza, nikaiwasha pampu peke yake mchana hadi tangi lijae, ndipo nikarudisha friji. Kwa mwendo huo hesabu hushuka hadi 2,250, na kilowati 2.5 zitakutosha. Birika na pasi za umeme usizitie katika hesabu hii. Birika moja laweza kuvuta wati 2,000 peke yake. Dukani soma kibandiko cha mashine: hufuatwi wati wa juu kabisa, hufuatwa wati wa kudumu. Kikiandikwa kVA, zidisha kwa 0.8 upate kilowati.

Umesema pia kwamba kwa hofu ya wezi, na kwa baridi na mvua za kwenu, utaiweka stoo. Kuihifadhi humo ikiwa imezimwa na kupoa si neno, madhali stoo haina moto. Kuiwasha humo, hapana, hata mlango ukiwa wazi, hata kwa dakika kumi. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu wakiwa usingizini bila yeyote kukohoa. Waambie wanao, kabla hawajaleta mashine, wajenge kibanda cha paa la bati kilicho wazi pande zote, mita 6 au zaidi kutoka madirishani, upande ambao upepo hauelekei nyumbani, na nguzo imara ya kufungia mnyororo.