Kalamu na Nyundo Ni Ndugu

Wahenga walisema: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Twaukumbusha usemi huo leo kwa sababu ungali upo ugomvi usio na faida. Msomi humdharau fundi kuwa hajui hesabu, na fundi humcheka msomi kuwa hajapata kushika nyundo. Wote wawili wamepotea.

Tutazame kitu kidogo: ndege ya mfano waiundayo vijana, yenye rafadha iliyofungwa ndani ya bomba fupi. Hesabu zasema kwamba, ndege ikiwa imesimama, bomba laweza kuongeza msukumo kwa karibu asilimia 26, upana wa rafadha ukiwa uleule na nguvu ya mota ileile. Hesabu hiyo ni ya kweli. Lakini hudhani kwamba ncha za rafadha zakaribia kugusa ukuta wa bomba, na kwamba hewa yaingia kwa utulivu. Nafasi ikiwa pana, au mdomo wa bomba ukiwa mkali badala ya kuviringwa, faida hupungua. Na pengine uzito wa bomba huimaliza yote. Atakayejua ni yule aifungaye mota juu ya mizani, akasoma msukumo na umeme unaotumika, akaandika, akapiga msasa, akapima tena. Naye apimaye bila ya hesabu hana nuru: atabadili mabomba 20 asijue kama amekaribia kikomo au yu mbali nacho.

Hapa Unguja mambo haya si mchezo wa watoto. Mwaka 2016 ilianza kazi ya kuvipiga picha visiwa vyetu kwa ndege zisizo na rubani ili kuchora ramani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafunzwa kuzirusha. Mwaka 2019, katika mashamba ya mpunga ya Cheju, ndege za namna hiyo zilijaribiwa kunyunyiza dawa ya kuwaangamiza viluwiluwi vya mbu wa malaria. Nadharia ilikuwa wazi: dawa hutanda juu ya maji na kumnyima kiluwiluwi pumzi. Lakini upepo na majani ya mpunga havitulii kwa amri ya nadharia. Ndiyo maana jaribio lilipelekwa shambani.

Wala tusidhani kwamba waunda majahazi wa Nungwi, wafanyao kazi kwa jicho na mkono, hawana elimu. Elimu yao ni majaribio ya vizazi vingi, na mtahini wao alikuwa bahari.

Kwa hiyo sisi twasema: mwanafunzi wa ufundi, awe Mbweni au Tunguu, asipewe cheti mpaka kazi ya mikono yake imepimwa mbele ya wenziwe. Kifaa kikivunjika katika majaribio asiaibishwe. Aulizwe amejifunza nini. Fundi hodari wa karakana aitwe darasani kufundisha, naye afunzwe hesabu bila ya kudharauliwa. Na fedha za vifaa vya kupimia zisiwe za kwanza kukatwa. Wanachama wenye sauti katika mabaraza walisimamie jambo hili.

Nchi inunuayo mashine bila ya kujua kuzipima hununua na kasoro zake. Sisi hatutaki kuwa wanunuzi milele.