Pima kisima kabla ya kununua pampu

Mkulima wa Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, anayetaka kununua pampu ya bustani kwa fedha za korosho asianze na bei. Aanze na kamba ya kupimia kisima. Pampu ya juu ya ardhi hushindwa kuvuta maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 hivi, hata injini iwe kubwa namna gani. Kisima kirefu kinahitaji pampu ya kuzamisha. Maji ya chumvi hula chuma cha kawaida, hivyo achague isiyoshika kutu. Pampu ya umeme ifungwe kifaa cha kuizima maji yanapopungua kisimani, kwani ikizunguka bila maji huharibika. Wafanyabiashara nao waulize kina cha kisima kabla ya kupokea fedha. Mteja aliyepata hasara harudi dukani.